Kuita makro ya Access kutoka kwenye C#

stoo_kuu: Wakuu habari, nina faili la Access (programu ya hifadhidata ya Microsoft) la stoo, ndani kuna makro (hatua zilizopangwa zijiendeshe zenyewe) inaitwa mcrFungaMwezi, inaendesha kwiri kadhaa (maagizo ya kusoma au kubadili data) halafu inatoa ripoti, sasa nataka programu yangu niliyoandika kwa lugha ya C# iiite yenyewe usiku. Nimeunganisha kwa OLEDB (njia ya programu kufikia data), data nasoma fresh tu ila makro haiitiki kabisa, nifanyeje?

kibodi: Mkuu kwa OLEDB utakesha bure. Ile inaongea na injini ya data tu, yaani tebo na kwiri, makro ni mali ya Access yenyewe kwahiyo lazima uiamshe Access: unaunda Access.Application, unaita OpenCurrentDatabase unaipa njia ya faili, kisha DoCmd.RunMacro("mcrFungaMwezi"), mwisho Quit. Na mashine iwe na Access, usije ukapeleka kwenye seva tupu ukaanza kulia.

stoo_kuu: Imeitika, asante sana mkuu! Ila inaganda katikati, skrini kimyaa.

kibodi: Hapo kuna kidirisha kinauliza kama una uhakika wa kubadili rekodi na usiku huo nani atabonyeza Yes? Weka DoCmd.SetWarnings(false) kabla, inazima hivyo vidirisha, ukimaliza irudishe true.

dada_sql: Mi hiyo SetWarnings siipendi, inameza hadi ujumbe wa rekodi zilizokataliwa, asubuhi hesabu hazilingani na hujui kwanini. Bora hizo kwiri uziendeshe kwa CurrentDb().Execute na dbFailOnError, ili kosa likitokea ulijue, makro ibaki na ripoti tu. Na ucheki Task Manager (orodha ya programu zinazoendeshwa kwenye Windows), MSACCESS.EXE, yaani Access yenyewe, ina tabia ya kung'ang'ania humo hata baada ya Quit.