Naomba ushauri: Steam Deck OLED, ROG Ally X au Legion Go, nichukue ipi?

mzee_wa_zamu:
Wakuu heshima kwenu. Dada yangu yuko Uingereza, anashuka mwezi wa 12 na kakubali kunibebea mzigo mmoja, sasa nataka hizi kompyuta za gemu za kushika mkononi maana kazi yangu ni ya zamu, usiku kuna masaa mtu umekaa tu unang'atwa na mbu. Nimeangalia video mpaka kichwa kinauma, huyu anasifia Deck, yule Ally X, mwingine Legion Go. Bajeti mil 1 na laki 6, nikijikamua inaongezeka kidogo sana. Umeme huku ni wa kubahatisha. Mwenye uzoefu anisaidie, matusi hapana

ChajaMbovu:
Unacheza gemu gani? Anzia hapo mkuu, sio kwenye RAM

mzee_wa_zamu:
FC, lile gemu la mpira la EA, ndo chakula cha kila siku, halafu hizi za stori ndefu ndefu

binti_wa_pedi:
Basi Deck itoe leo leo. Inatumia SteamOS ambayo ni Linux, sio Windows, na kuanzia FIFA 23 (jina la zamani la FC) EA waliweka programu yao ya kunasa wanaochiti, hiyo programu na Linux haziivi kabisa, yaani gemu haiwaki, na sio onlaini tu, hata ukitaka kucheza mwenyewe haiwaki. Ally X na Legion Go zinakuja na Windows, FC unacheza vizuri tu

Mla Bando:
Dada umesema kweli ila usiizike Deck haraka hivyo. Mi ninayo hiyo Deck OLED, kwa gemu za stori raha yake ni moja, bosi akitokea unabonyeza switchi inalala, akiondoka unabonyeza tena unaendelea palepale ulipoishia. Windows kwenye hilo bado sana

fundi_wati:
Mnabishana mfumo, hela hamjaiona? Ally X ilitoka 2024 kwa pauni 799, hiyo mil 1.6 haifiki hata ukiuza kitanda. Deck OLED ya GB 512 ilitoka 2023 kwa pauni 479, ndo saizi yako. Na kama umeme ni shida angalia betri kwanza: Ally ya kwanza ya 2023 ina Wh 40 (ndo ujazo wa betri, ikiwa kubwa ina umeme mwingi), Legion Go 49, Deck OLED 50, Ally X 80. Ile Ally ya kwanza ukiipa gemu nzito kwa wati 25 saa moja na ushee kwisha habari, na ndo hiyo utauziwa mtumba kwa bei ya kuvutia kwa sababu jina linafanana. Legion Go ina skrini kubwa ya inchi 8.8 lakini na pedi zake inagonga gramu 854, jaribu kulala chali nayo ikuangukie usoni uje utuambie

binti_wa_pedi:
Sawa ni nafuu, ila atacheza nini sasa, FC si ndo chakula chake?

mzee_wa_zamu:
FC tunapiga na washkaji geto kwenye PS4, ile ipo. Hii ni ya kazini

ChajaMbovu:
😂😂 sasa si ungesema toka mwanzo, watu wametoana roho hapa

Mla Bando:
Chukua OLED basi. Memori kadi utaongeza huku huku. Chaja yake ni Type-C wati 45 na pini za Uingereza ndo hizi hizi zetu kwahiyo adapta ya nini. Ukipata pawabenki yenye PD (chaji ya kasi ya Type-C) ya wati 45 zamu nzima unatoboa. Magemu yadaunlodi kabisa kwenye wifi ya mtu maana kuna moja linakula GB 100 peke yake

fundi_wati:
Na mwambie dada aifungue aiwashe akiwa kule kule, Valve wenye Deck hawauzi rasmi huku, ikija mbovu utairudisha kwa nani. Kwenye ndege aibebe mkononi, vitu vya betri za lithiamu asiviweke kwenye begi la chini. Pawabenki ndo kabisa, na isizidi Wh 100