Jeni ndani ya chembe za mafuta: seli za kinga zinazipokea vipi?

Mama wa Wete

Assalamu alaykum. Mwanangu ana miaka saba, ana selimundu. Nasomesha bayolojia, kwa hivyo jeni si neno geni kwangu. Wiki iliyopita tulilazwa spitali, mifupa inamuuma, na mie usiku kucha pembeni ya kitanda nasoma kwenye simu kwamba jeni huweza kufungwa ndani ya chembe ndogo mno za mafuta ikatiwa mshipani. Suala langu ni hili: daktari kanambia bandama la mwanangu limeshachoka kwa kuzibwa na seli zilizopinda, na chembe zake nyeupe za damu ziko juu hata siku asiyoumwa. Mwili ulioghadhibika tayari, ukiingizwa chembe ngeni kwa mabilioni, seli za kinga zitafanya nini?

Fundi wa maabara, Unguja

Waalaykumu salaam, dada. Pole kwa kuuguza.

Kwanza zinazila. Makrofeji za ini na bandama zipo kwa kazi hiyo, kumeza kila kinachopita damuni kisicho cha kwao. Zinazosalimika nyingi huishia kwenye seli za ini, kwani chembe hujivika protini ya ApoE na ini lina mlango wake. Ndiyo maana patisirani, dawa ya RNA (molekuli ya ujumbe wa jeni) iliyoruhusiwa Marekani 2018, inalenga protini inayotengenezwa na ini.

Ikishamezwa, chembe hukaa ndani ya kifuko chenye asidi. Pale mafuta hupata chaji chanya, kifuko hupasuka, RNA ikatoka. Lakini kwenye kuta za vifuko hivyo ndiko walikokaa walinzi, TLR7 na TLR8, wanaosubiri RNA ya virusi. Watafiti Karikó na Weissman walionesha mwaka 2005 kwamba ukiweka sudouridini mahali pa uridini, moja ya herufi za RNA, walinzi hawapigi kelele vile. Wakapata Nobel 2023. Mafuta yenyewe nayo huchokoza. Kwa hiyo mgonjwa wa patisirani hupewa kwanza deksamethasoni (steroidi ya kutuliza kinga), parasetamoli na dawa za mzio, ndipo dripu.

Muuguzi, Chake

Hapo kwenye deksamethasoni nasimama. Mgonjwa wa selimundu akipewa steroidi, maumivu huweza kurudi kwa nguvu pale inapokatishwa. Hicho kinachomtuliza mgonjwa mwengine, kwa mtoto huyu kinaweza kumrudisha wodini. Dada umeuliza suala zito kuliko ulivyodhani.

Mama wa Wete

Subhanallah. Basi ile tiba ya jeni ya selimundu iliyotangazwa, wao wamelikwepaje hilo?

Fundi wa maabara, Unguja

Hawakutumia chembe za mafuta kabisa. Casgevy, iliyoruhusiwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, inatoa seli mama za damu nje, zinafunguliwa kwa umeme maabara ili jeni zake zihaririwe, halafu mgonjwa hupigwa busulfani, dawa ya kemo, kusafisha uboho na kurudishiwa. Ni nzito na ghali, dola milioni 2.2 kwa Marekani.

Njia ya kudunga chembe za mafuta kwa selimundu bado iko kwenye utafiti. 2023 watafiti wa Philadelphia walizivika chembe kingamwili inayoitambua CD117, alama iliyo juu ya seli mama za damu, zikafika kwenye seli hizo ndani ya uboho wa panya. Seli T, aina nyengine ya seli za kinga, nazo ni hivyo hivyo: hazimezi ovyo kama makrofeji, mpaka chembe ibandikwe kingamwili ya kuzishika. Na ukirudia dozi kuna jengine, mwili huweza kutengeneza kingamwili dhidi ya PEG, ile nywele ya juu ya chembe, na dozi ya pili ikafagiliwa upesi.

Muuguzi, Chake

Kwa leo, dada, haidroksiurea, ile dawa ya selimundu, anatumia? Hiyo pia hushusha chembe nyeupe, si kupandisha himoglobini ya kitoto tu.

Mama wa Wete

Anatumia tangu Mfunguo Mosi. Alhamisi tuna kliniki, nitaomba hesabu ya chembe nyeupe ya sasa niilinganishe na ya kabla. Na neno la steroidi nimeliandika nyuma ya kadi yake kwa wino mwekundu.