Moto kwenye hosteli za wanafunzi: tupeane uzoefu

Msomi wa Ngara: Wakaguzi wamepita hosteli yetu leo. Keyateka, mtunza jengo, alijua tangu jana. Mitungi ya kuzimia moto ikatundikwa ukutani, koili za kuchemshia maji tukaambiwa tufiche, mlango wa nyuma ukatolewa kufuli. Walipotoka tu, kufuli ikarudi. Kwenu hali ikoje?

Kanini: Vilevile.

Atieno wa Zimma: Umenikumbusha usiku ambao sipendi kuuzungumzia. Jirani aliweka koili kwenye ndoo ya plastiki, stima ikapotea, akalala bila kuzima swichi. Stima iliporudi usiku wa manane, maji yakakauka, ndoo ikayeyuka, godoro likashika. Mimi niliamshwa na kikohozi. Dirishani kuna vyuma vilivyochomelewa, moshi mweusi umejaa kuanzia dari hadi kiunoni. Tukatambaa kwa matumbo, leso mbichi puani, hadi kwenye geti la ngazi. Limefungwa! Mwenye ufunguo hayupo. Wasichana wanalia, wengine wanaita mama zao. Vijana wa ploti ya pili ndio waliovunja kufuli kwa nyundo. Tulitoka wote, lakini jirani aliungua mikono yote miwili.

Brayo: Pole sana. Ila koili ilikuwa ya nani? Tusimlaumu landilodi kwa kila kitu.

Atieno wa Zimma: Koili ilikuwa yetu. Kufuli haikuwa yetu.

Brayo: Bila kufuli na vyuma, laptopu zitaibiwa zote.

Mwalimu Mstaafu: Kijana, kwenye moto wa bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, mwaka 2001 walikufa wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yana vyuma. Mwongozo wa usalama shuleni wa 2008 ulikataza vyuma kwenye madirisha ya mabweni. Laptopu hununuliwa.

Kanini: Ahsante mwalimu.

Fundi Kevo: Msichomeke koili, pasi na heta kwenye ekstensheni moja. Mafuta yakiwaka kwenye sufuria, usimwage maji! Zima gesi, funika.

Shiku: Mimi ningebeba sufuria nikaitupe nje.

Fundi Kevo: Utajimwagia, dada. Iache hapo hapo.

Brayo: Basi kila chumba kipewe nakala ya ufunguo wa geti. Hapo nakubali.

Msomi wa Ngara: Kesho asubuhi naenda ofisi ya zimamoto, barabara ya Tom Mboya, Nairobi, na picha za ile kufuli. Nani yuko Ngara twende pamoja?

Shiku: Mimi. Na ya kwetu nishaipiga picha.