Waigizaji wa zamani wa Marekani: walibadilika wao, au nyakati ndizo zilizowahama?

Mpenzi wa Filamu (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam. Nimekuwa nikisoma habari za waigizaji wa Hollywood wa katikati ya karne ya 20, na kuna jambo linalonitatiza. Charlton Heston alishiriki maandamano ya haki za raia mjini Washington mwezi Agosti 1963, na mwaka 1968, baada ya Robert Kennedy kuuawa, aliungana na waigizaji wenzake kutoa tamko la kuunga mkono sheria ya kudhibiti bunduki. Miaka 30 baadaye, mtu huyo huyo akawa rais wa NRA, chama kikubwa cha kutetea wamiliki wa bunduki. Ronald Reagan naye alikuwa mfuasi wa Democratic aliyempigia kampeni Truman mwaka 1948, lakini mwaka 1962 akajiunga na Republican, na tangu hapo akawa akisema kwamba si yeye aliyekihama chama, bali chama ndicho kilichomhama. Je, kauli hiyo tuichukue kuwa maelezo ya kweli, au ni utetezi tu wa mwanasiasa?

Mzee wa Maktaba

Ndugu mleta mada, kwa upande wa Reagan mimi ningeanza kwa kuuliza alikuwa akila kwa nani. Alikuwa rais wa chama cha waigizaji kuanzia 1947 hadi 1952, kisha akarudishwa mwaka 1959, na mwaka 1960 akaongoza mgomo uliowapatia waigizaji mfuko wa pensheni na matibabu, pamoja na malipo pale filamu zao mpya zinapoonyeshwa kwenye televisheni. Lakini tangu 1954 hadi 1962 alikuwa pia ameajiriwa na General Electric kuendesha kipindi chao cha televisheni na kuzunguka viwandani mwao akihutubia wafanyakazi. Kwa maneno mengine, mtu aliyekuwa akiwabana waajiri wa Hollywood mezani ndiye huyo huyo aliyekuwa akilipwa na kampuni kubwa kusifu biashara huria, na hotuba alizozizoea viwandani humo ndizo zilizozaa ile aliyoitoa mwaka 1964 kumnadi Barry Goldwater, mgombea urais wa Republican. Sidai kwamba alinunuliwa, maana mtu akirudia jambo kwa miaka minane huishia kuliamini hata kama alianza kwa shingo upande. Ninachokataa ni kusema kwamba chama pekee ndicho kilichosogea.

Kwa Heston sioni utata wowote. Suala lilikuwa bunduki mwaka 1968, na lilikuwa bunduki mwaka 1998. Aligeuka.

Binti Mwanahistoria

Shikamoo Mzee wa Maktaba. Naomba niongeze upande wa maadili, kwa sababu huko kuna watu ambao hawakugeuka hata kidogo na bado hukumu juu yao ikageuka. Mwaka 1950 mwigizaji Ingrid Bergman alizaa mtoto na mwongozaji Roberto Rossellini ilhali ndoa yake ya kwanza ilikuwa haijavunjwa, na seneta Edwin Johnson akasimama katika Seneti ya Marekani kumshutumu kwa maneno makali, kana kwamba taifa zima limevamiwa. Kwa miaka kadhaa hakuigiza Marekani. Mwaka 1957 akapewa tuzo ya Oscar, na mwaka 1972 seneta mwingine, Charles Percy, akaingiza katika kumbukumbu rasmi za Bunge maneno ya kumwomba radhi. Katika miaka hiyo 22 kitendo cha Bergman kilibaki kile kile, na kilichosogea ni kizingiti cha watazamaji.

Tena kizingiti hicho ndicho kilichomfungulia Reagan mlango. Mwaka 1952 talaka ya Adlai Stevenson, mgombea urais wa Democratic, ilikuwa gumzo la kampeni, lakini mwaka 1980 Reagan, aliyekuwa ameachana na Jane Wyman, alichaguliwa kuwa rais na wapigakura wengi waliojiita watetezi wa familia. Akiwa gavana wa California, mwaka 1969, ndiye aliyetia saini sheria ya kuruhusu talaka bila mwenzi mmoja kuthibitishiwa kosa.

Msomaji wa Usiku

Marahaba nawaachia wenye umri wao. Mimi napingana na Mzee kuhusu Heston. Ni kweli kwamba aligeuka, ila NRA aliyoiongoza mwaka 1998 haikuwa ile ya mwaka 1968, kwani uongozi wake wa zamani, uliojali zaidi ulengaji shabaha na uwindaji, ulipinduliwa katika mkutano mkuu wa mwaka 1977 na wanachama waliotaka mapambano ya kisiasa. Kwa hiyo mwanadamu na taasisi walisogea wote wawili, kila mmoja kwa mwendo wake, hadi wakakutana.

Tahadhari nyingine ni kwamba kimya cha msanii kisichukuliwe kuwa msimamo. Tangu 1947 Hollywood ilikuwa na orodha ya watu wasioajiriwa kwa tuhuma za ukomunisti. Mwandishi wa filamu Dalton Trumbo, aliyekuwa katika orodha hiyo, alifungwa mwaka 1950, akaendelea kuandika kwa kujificha nyuma ya majina ya wengine, na jina lake halikurudi kwenye filamu hadi mwaka 1960. Ukiwasoma wasanii wa miaka hiyo kupitia kauli zao za hadharani peke yake, utadhani wengi wao hawakuwa na siasa kabisa.

Mpenzi wa Filamu (mleta mada)

Nashukuru sana. Hoja ya Msomaji wa Usiku imenirudisha kwa Reagan, kwa sababu hata yeye katika suala la bunduki hakwenda kwa mstari ulionyooka. Mwaka 1967 alitia saini sheria ya California ya kupiga marufuku kubeba hadharani bunduki yenye risasi, baada ya wanachama wa Black Panther, kundi la kisiasa la Wamarekani weusi, kuingia na silaha katika jengo la bunge la jimbo. Mwaka 1986, akiwa rais, akatia saini sheria ya kulegeza masharti kwa wamiliki. Na mwaka 1991, akiwa mstaafu, akaunga mkono hadharani muswada wa Brady wa kumlazimu mnunuzi wa bastola asubiri. Yote hayo aliyafanya akiwa ndani ya chama kimoja. Mzee, hapo nani alimhama nani?