Riwaya za Wamarekani wenye asili ya Meksiko: mbona kila mtoto anakua kwa kuondoka?

Kisomo:
Wakuu habari zenu. Kuna kitu kinanisumbua tangu nimalize The House on Mango Street ya Sandra Cisneros, naomba tukijadili. Kitabu chenyewe chembamba, kilitoka 1984, kina visimulizi vifupi 44 na vingine havijazi hata ukurasa, msimuliaji ni Esperanza, binti wa familia ya Kimeksiko huko Chicago. Kabla ya hapo nilikuwa nimesoma Pocho ya José Antonio Villarreal (1959), ile ambayo wengi wanaihesabu kuwa ndio riwaya ya kwanza ya Wachicano, yani hao hao Wamarekani wenye asili ya Meksiko.

Sasa kinachoniumiza ni hivi, Richard wa kwenye Pocho mwisho wa kitabu anajiunga na jeshi la majini la Marekani wakati wa vita ya pili ya dunia na moyoni anajua kabisa kwamba harudi, Esperanza nae kutwa kucha anaota nyumba yake mwenyewe mbali na ule mtaa. Yani kukua kwao ni kuondoka tu? Wazazi wamevuka mpaka, wamefanya kila kibarua kinachochosha, halafu mtoto akishajitambua tu kitu cha kwanza anatafuta mlango. Anawaonea aibu watu wake au kuna kitu kingine pale? Na baada ya hivi viwili nisome nini?

MlaVitabu:
Aibu ipo mkuu, tusiikwepe. Ila angalia nani kaileta. Mwanzoni kabisa mwa kitabu kuna sista wa shuleni kwao anapita barabarani anamkuta Esperanza anacheza nje, anamuuliza unaishi wapi, mtoto ananyoosha kidole juu ghorofa ya tatu, rangi imebanduka, madirishani baba kapigilia mbao ili watoto wasianguke. Sista anauliza, pale? Basi, swali dogo tu na mtoto anajiona si kitu. Zile mbao ni baba anayewapenda wanae kazipiga kwa mikono yake! Kabla ya yule sista kuuliza mtoto alikuwa anacheza zake.

Nuru_K:
Kisomo naomba nikupinge kidogo kaka. Umewatia Richard na Esperanza kapu moja wakati mmoja mvulana mwingine msichana, na kwenye vitabu hivi hiyo inabadilisha karibu kila kitu.

Hebu wapitie tena wanawake wa ule mtaa. Mama wa bibi yake, ambae Esperanza ndio karithi jina lake, alibebwa kwa nguvu akaolewa, akaishia kukaa dirishani maisha yake yote. Rafaela mumewe anamfungia ndani kila jumanne akienda kucheza domino, kwa hiyo anawarushia watoto hela toka juu wamnunulie juisi ya nazi au ya papai halafu anaivuta kwa kamba. Sally anapigwa na baba yake, anakimbilia ndoa hata darasa la nane hajafika, anaangukia kwa mwanaume asiyemruhusu hata kuchungulia nje. Sasa msichana anayeyaona haya kila siku akisema nataka nyumba isiyokuwa ya baba wala ya mume, huyo hawakimbii Wameksiko, analikimbia lile dirisha. Na mama yake mwenyewe anamweleza kabisa, akili alikuwa nayo lakini shule aliiacha kwa sababu hakuwa na nguo nzuri. Kwa hiyo kama tunaongelea aibu, iliyomharibia maisha ni mama na hapo binti hata hajazaliwa.

Halafu usiwasahau wale wazee watatu wa kike kwenye msiba wa kichanga. Wanamwambia ukiondoka urudi kwa ajili ya wale ambao kutoka kwao sio rahisi. Na kitabu kinaisha yeye akisema ataondoka ili arudi. Richard hana neno kama hilo kabisa.

Mzee wa Riwaya:
Wanangu mmeongea vizuri ila mmekazana na kuondoka, mimi nawaambia tatizo linaweza kuwa kwenye kurudi. Tafuteni George Washington Gómez ya Américo Paredes. Aliiandika kati ya 1936 na 1940, ikakaa tu mpaka 1990 ndio ikachapishwa, miaka hamsini! Na ukiisoma unaelewa ni kitabu kisichombembeleza mtu.

Mtoto anazaliwa kusini mwa Texas karibu na mto wa mpakani, mwaka 1915, kipindi kile Wameksiko wa pale walipoinuka na polisi wa Texas wakawa wanaua hovyo wenye hatia na wasio na hatia. Baba yake, mtu ambae hakuwa hata na silaha, anauawa na hao polisi, na anapokata roho anamwomba shemeji yake Feliciano asimwambie mtoto, asikue na chuki. Wazazi walimpa jina la mkombozi wa Wamarekani wakitegemea atakuja kuwa mtu mkubwa wa kuwasaidia watu wake. Mjomba anajinyima, anafanya kazi, anamsomesha, na kile kisa cha baba anakimeza miaka yote. Na mtoto anarudi kweli! Amesoma, amekuwa afisa wa jeshi, ameoa mzungu, na kazi iliyomleta nyumbani ni kuwachunguza rafiki zake wa utotoni ambao wameanza kujipanga kisiasa. Mjomba amekaa mbele yake anamtazama. Kile kikao cha mwisho kati yao nimekirudia mara nyingi na kila nikifika pale natulia kwanza.

Na msisahau wengine kati ya watu hawa hawakuvuka mpaka wowote. Baada ya vita ya Marekani na Meksiko, mkataba wa 1848 ulihamisha karibu nusu ya Meksiko kwenda Marekani na waliokuwemo humo wakajikuta wako nchi nyingine bila kutoka majumbani mwao. Kwa hiyo ukimuuliza mtoto wa huko we ni wa wapi, umemuuliza jambo ambalo hata babu yake hakuulizwa, aliamuliwa.

MlaVitabu:
Shikamoo mzee. Naongeza cha Tomás Rivera, ...y no se lo tragó la tierra (yani "na ardhi haikummeza"), 1971, maana kinaivunja kabisa hoja ya kuondoka. Mle watoto ni wa vibarua wa mashambani, kila msimu wanapakiwa kwenye lori toka Texas kwenda mashamba ya kaskazini wakirudi wamechoka hohehahe. Kwa mtoto kama huyo kuondoka ni kazi ya kila mwaka, hakuna uhuru wowote pale. Mvulana mwenyewe hata jina hana. Ameona mjomba na shangazi wamekufa kwa kifua kikuu, baba kapigwa na jua shambani, halafu mdogo wake nae anaangushwa na jua lile lile, na mama muda wote anamwambia ni mapenzi ya Mungu. Siku hiyo amembeba mdogo wake anamrudisha nyumbani, hasira inampanda anamlaani Mungu. Anasubiri ardhi ipasuke immeze kama alivyofundishwa tangu mdogo. Haipasuki. Anaikanyaga anaona ni ngumu kuliko siku zote. Mimi nasema ukubwa wake unaanzia hapo, na hajaenda popote.

Kisomo:
Mzee shikamoo, na Nuru asante sana dada, la madirisha limeniingia. Naanza na Rivera halafu Paredes. Rivera aliandika kwa Kihispania sio? Na Richard bado simsamehe, nasema ukweli, maana mama na dada zake anawaacha kwenye nyumba ambayo baba alishatoka.

Mzee wa Riwaya:
Marahaba wanangu. Ndio, Kihispania, ila tangu toleo la kwanza kilitoka na tafsiri ya Kiingereza humo humo. Kuhusu Richard, umemtaja baba mwenyewe hapo. Juan Rubio alipigana upande wa jenerali Pancho Villa kwenye mapinduzi ya Meksiko, akaja California, na kila mwaka anasema mwakani tunarudi Meksiko, mwakani tunarudi. Harudi. Mwisho anaiacha familia na kwenda kwa mwanamke mwingine, na mzigo wa nyumba unamwangukia kijana ambae bado hajapata hata nafasi ya kujua anataka nini. Usimsamehe kama hutaki, lakini yule aliyefungua mlango wa kutokea ni baba.

Nuru_K:
Na dada zake Richard hakuna aliyewaandikia kitabu mzee. Hao ndio ningependa kuwasoma.