Daktari amekataa kujaza RFC ya SSDI, nani amepitia haya?

Kutoka: Mama Baraka, Minnesota

Hamjambo wapendwa, natumaini mko salama. Wengi wenu mnajua niligunduliwa saratani ya titi mwaka jana, hatua ya pili. Kemo nimemaliza, nimepasuliwa, nimepigwa mionzi, sasa niko kwenye vidonge. Mungu ni mwema. Ila mikono na miguu haijarudi. Kemo imeniachia ganzi vidoleni, nikishika kikombe sijui kama nimekishika mpaka nikitazame. Na kazi yangu mnaijua, mimi ni CNA, msaidizi wa muuguzi, kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku, kugeuza watu kitandani mpaka kunakucha. Nani atanikabidhi mzazi wake kwa mikono hii?

Niliomba SSDI, ile pesa ya Social Security kwa mfanyakazi aliyechangia akashindwa kazi kwa ugonjwa, jibu likaja hapana. Barua inasema hali yangu haitarajiwi kunizuia kufanya kazi kwa miezi 12. Fomu za rufaa, 561 na 3441, niko nazo tayari. Nikaambiwa rufaa itabebwa na RFC, fomu inayoeleza nguvu za kazi nilizobaki nazo, iliyojazwa na daktari wa saratani, nikaipeleka kliniki. Karani akanirudishia tupu, eti madaktari wao hawajazi fomu za namna hiyo, wao wanatuma faili basi. Swali langu ni hilo tu: aliyekataliwa hivyo alifanya nini? Nani mwingine anaweza kuijaza ikakubalika? Siku 60 za kukata rufaa zinakimbia.

Kutoka: Kaka Mkubwa, Texas

Pole sana mama, tunakuombea. Ungeomba SSI, ile haiulizi krediti na pesa zinakuja upesi. Shemeji yangu alipata ndani ya muda mfupi sana. Tena saratani siku hizi wanapitisha moja kwa moja, kuna CAL, orodha ya magonjwa yanayopitishwa haraka. Wapigie uwaambie neno CAL.

Kutoka: Bi Hesabu, Maryland

Kaka, tafadhali tusimpotoshe mgonjwa. CAL ipo tangu 2008 lakini si ya kila saratani. Kongosho imo. Titi imo ikiwa imesambaa mbali au haiwezi kupasuliwa. Hatua ya pili iliyopasuliwa vizuri haimo, kwa hiyo Mama Baraka anapimwa kwa nguvu alizobaki nazo za kufanya kazi, na ndiyo maana anahangaikia RFC.

SSI nayo ni ya asiye na kitu. Mali isizidi dola 2,000 kwa mtu mmoja, 3,000 kwa mke na mume, na kipato cha mume kinahesabiwa. Mwenye grini kadi tu anabanwa zaidi tangu sheria ya 1996, wengi wetu tunadaiwa robo 40 za kazi, yaani krediti 40, pamoja na kukaa miaka mitano. SSDI haidai uraia. Inadai uwe hapa kihalali na uwe umechangia: kwa mtu mzima kawaida ni krediti 40, 20 kati ya hizo ziwe za miaka 10 ya mwisho. Mwaka 2025 krediti moja ilikuwa mapato ya dola 1,810, na kwa mwaka huwezi kupita nne.

Kutoka: Kaka Mkubwa, Texas

Bi Hesabu, sijampotosha mtu. Nimeeleza yaliyotokea nyumbani kwetu. Shemeji alikuwa raia na ilikuwa kongosho. Alilipwa upesi, na hakukaa nayo.

Kutoka: Bi Hesabu, Maryland

Pole kwa msiba, kaka. Sikujua. Lakini wengine wanaosoma wajue kwamba kwa SSDI kuna miezi mitano kamili ya kusubiri ambayo hata CAL haiiondoi. Ni wagonjwa wa ALS, ule ugonjwa wa neva unaomaliza misuli, tu waliosamehewa. Medicare, bima ya afya ya serikali, nayo inakuja baada ya miezi 24 ya kustahili malipo. Mtu apange bima ya kumvusha hapo katikati, asije akaacha bima ya kazini kwa haraka.

Kutoka: Muuguzi wa Usiku, Ohio

Dada Mama Baraka, kabla ya RFC nikuulize: kwenye 3373 uliandika nini? Ile fomu inayouliza kama unapika, unaenda dukani, unavaa mwenyewe. Nimewasaidia akina mama wa kanisa letu kuijaza na karibu wote wanaandika kwa namna moja. Unapika? Ndiyo, kila siku. Mmoja nikamwambia twende jikoni nikuone. Anakaa kwenye kiti mbele ya jiko. Sufuria anainua binti. Kitunguu anakata binti, kwa sababu mama alishajikata kidole akaendelea kukatakata mpaka alipoona nyanya zina damu. Ugali hasongi tena, mwiko unamponyoka. Yote hayo kwenye fomu yamekuwa “ndiyo, napika”.

Tumelelewa hivyo. Mbele ya mgeni hulalamiki, na ukiulizwa hali unaanza na shukrani. Ni malezi mema, sitaki tuyatupe. Lakini yule wa DDS, ofisi ya jimbo inayoamua maombi, hakujui wala hatakuona, ana karatasi tu mbele yake. Asipoandikiwa kwamba binti ndiye anayeinua sufuria, atajuaje?

Kwa daktari ni yale yale. Unaingia umevaa vizuri, anauliza unaendeleaje, unasema namshukuru Mungu. Anaandika kwenye faili kwamba mgonjwa anastahimili matibabu vizuri. Yeye anamaanisha kemo haikukushinda. DDS wakisoma wanaona mtu wa kurudi zamu kesho. Kwa hiyo mweleze ganzi imeishia wapi, kwenye vidole au imepanda mpaka kifundo. Mweleze vifungo vya nguo anakufunga nani, ngazi unapandaje, ukisimama dakika ngapi nyayo zinaanza kuwaka. Msimamie ayaandike. Ukweli wote, usiongeze wala usipunguze. Hata asipojaza fomu yoyote, faili ndilo wanalolisoma.

Na mkalimani ni haki yako bure, Social Security ndio wanaomtafuta. Usimpeleke mtoto wa darasa la sita akatafsiri habari za titi la mama yake. Nimeyaona hayo, na yule mtoto hakuyasahau.

Kutoka: Baba Pendo, Washington

Muuguzi ubarikiwe. Mimi nataka kuonya vijana wanaofanya kazi za kuhudumia wazee majumbani. Wakala mmoja alinilipa miaka na miaka kwa 1099, yaani kama mtu aliyejiajiri, nami nikaona nimepata, hakuna makato. Nilipougua figo nikafungua taarifa yangu ya michango, ile miaka ni sifuri. Wakala hakuniambia kwamba kodi ya kujiajiri ni juu yangu. Na anayelipwa mkononi ndiyo kabisa, serikali haimjui. Tena msidhani miaka yenu ya NSSF nyumbani itaunganishwa na ya huku. Marekani haina mkataba wa namna hiyo na Kenya, Tanzania wala Uganda.

Kutoka: Dada Pwani, Massachusetts

Nikisoma haya natamani kufunga mizigo. Mama yangu naye anaumwa huko nyumbani, kansa ya kizazi. Kenya walibadilisha bima ya afya ya NHIF kuwa SHA Oktoba 2024, mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na bado hospitalini mama aliambiwa dawa akanunue nje. Nani ananunua? Mimi, kutoka huku. Ila angalau yeye akilala jioni anasikia adhana na jirani anamwingilia na uji bila kupiga simu kwanza. Huku mtu anapigwa kemo halafu anarudi nyumbani kwa basi peke yake.

Kutoka: Kaka Mkubwa, Texas

Dada, waliopigia kura mambo hayo wayajibu. Vijana waliingia barabarani Juni 2024, mswada wa fedha ukaondolewa, na hospitali?

Kutoka: Mzee wa Tanga, Ontario

Wanangu, siasa za Nairobi zina mahali pake. Humu kuna mgonjwa. Nami nimemsindikiza mdogo wangu Ocean Road pale Dar es Salaam, nikakaa naye kwenye benchi na watu waliosafiri kutoka mikoani kufuata mionzi. Kila upande una adha yake. Tusimkatishe tamaa mtu aliye katikati ya rufaa.

Kutoka: Mama Baraka, Minnesota

Asanteni sana. Muuguzi umenigusa. Nimeitoa nakala yangu ya 3373 na ni kweli niliandika naenda dukani, sikuandika kwamba mume ndiye anayesukuma kigari na kubeba. Nitayaweka kwenye 3441. Kuhusu RFC bado sijapata mtu. Daktari wa neva anaweza? Ama yule msaidizi wa kliniki anayeniona kila mara?

Kutoka: Dada Pwani, Massachusetts

Mimi nilikaa kimya lakini nami napokea SSDI. Nikienda Mombasa miezi mitatu kumuuguza mama, wataikata? Nina grini kadi tu.

Kutoka: Kaka Mkubwa, Texas

Wataikata. Ukitoka siku 30 imekwisha.

Kutoka: Bi Hesabu, Maryland

Hiyo ya siku 30 ni SSI, kaka! SSDI ya asiye raia kwa kawaida husimama baada ya miezi sita kamili nje ya nchi, na hata hapo kuna misamaha inayotegemea uraia wake na krediti zake. Miezi mitatu haina shida, dada, nenda ukamuuguze mama. Waarifu kabla ya kusafiri. Medicare haivuki bahari, kwa hiyo beba dawa za muda wote huo pamoja na barua ya daktari. Na umwachie mtu ufunguo wa sanduku la barua, kwa sababu fomu za CDR, zile za kukagua kama bado hali yako inakuzuia kazi, zikija ukiwa Mombasa na zisijibiwe, hapo ndipo watasimamisha.