Msaada wakuu: msasa namba ngapi wa kutoa rangi ya zamani kwenye kitanda cha mbao?

Reli_ya_Kati: Wakuu, habari za muda huu. Nina kitanda cha mbao cha zamani, kizito, hakuna kiungo kinachocheza. Kimepakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka: juu nyeupe, chini yake kijani, chini kabisa kama maziwa yaliyochacha. Nataka nikirudishe kwenye mbao yake nikipige vanishi. Mashine ya msasa nimeazima. Nianze na namba 80 au 120? Na vanishi ipi inakauka upesi? Nina haraka kidogo. Majibu ya mafundi tafadhali, si kejeli.

Mpenda_Nta: Vanishi ya nini tena? Inafanya mbao ing'ae kama sahani ya plastiki. Paka nta, sugua kwa kitambaa, basi. Stuli yangu kila mgeni anaishika.

Fundi_Babu: Namba 80, halafu 120, malizia 180, ukifuata nyuzi za mbao. Usizikate, mikwaruzo itaonekana ukishapaka vanishi. Ila niambie: kitanda kina umri gani, na haraka ya nini?

Reli_ya_Kati: Ni cha familia. Haraka ni haraka tu mkuu, tusitoke kwenye mada.

Kiti_cha_Mbele: Nimeshakaa. Hii "haraka tu" ina ukurasa wa pili.

Mama_Droo: Mwanangu, ukiamua kupaka mafuta ya kitani badala ya vanishi, vitambaa usivikunje ukavirundika. Yale mafuta yakikauka yanatoa joto, rundo linashika moto lenyewe, hakuna hata kiberiti. Mimi nilikuta ndoo inafuka moshi stoo, mume wangu akadhani nimeanza sigara. Tuligombana jioni nzima! Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja.

Fundi_Babu: Mama Droo umesema kweli. Ila mwenye uzi bado hajanijibu.

Reli_ya_Kati: Haya. Ni kitanda cha mtoto, kile cha reli. Nimelala humo mimi na kaka zangu, na kabla yetu baba mdogo. Mke wangu ana mimba ya miezi minane, ndiyo haraka yenyewe. Na upande mmoja nimeshamaliza. Nafanyia chumba cha ndani kwa sababu ya mvua, madirisha nimefunga vumbi lisisumbue majirani. Sisi sote tulilala humo na hatuna tatizo lolote.

Kiti_cha_Mbele: Hana tatizo lolote, ila anauliza namba ya msasa wakati ameshapiga upande mzima.

Fundi_Babu: Zima mashine. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi. Marekani waliyapiga marufuku kwenye rangi za majumbani mwaka 1978, kwingine walichelewa zaidi. Vumbi lake linavutwa puani, linakaa kwenye vidole na vyombo, na kwa mjamzito linapita kwenye damu mpaka kwa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Rangi ya namna hiyo huigusi kavu. Unailowesha, au unatumia dawa ya kuondoa rangi na kuikwangua, tena nje. Na pima nafasi kati ya reli na reli: ikizidi sentimeta 6, mwili wa mtoto unaweza kupenya kichwa kikabaki. Kama upande mmoja unashuka na kupanda, hicho nacho si cha kulaza mtoto. Marekani vya namna hiyo havitengenezwi wala kuuzwa tangu 2011.

Reli_ya_Kati: Fundi tusitishane. Barakoa navaa. Nimebakiza upande mmoja na ubao wa kichwani, ukiniambia niache sasa ni kama hukunisaidia. Nikipiga vanishi mikono mitatu si inafunika kila kitu?

Mwalimu_Mstaafu: Barakoa anavaa yeye, mkewe anavaa nini? Kizazi hiki kinaandaa kitanda kabla ya kuandaa akili.

Mzee_wa_Randa: Wakuu, mnapigwa chai hapa. Rangi ya mafuta ikipata joto la mashine inalainika, karatasi ya msasa inaziba upesi, unatupa moja baada ya nyingine. Kitanda cha huyu kina tabaka tatu, amemaliza upande mzima, na hajalalamika msasa kuziba hata mara moja. Mtunzi huyu. Na uzi bila picha haunogi.

Mpenda_Nta: Nilijua. Hata nta amekataa kuijibu.

Reli_ya_Kati: Chai ya nini, nikutungie hadithi nipate nini? Msasa haukuziba kwa sababu rangi nilishaibabua kwanza kwa moto wa gesi, ikavimba nikaibandua. Msasa ulikuwa wa mabaki tu.

Mzee_wa_Randa: Ndani? Madirisha yamefungwa?

Reli_ya_Kati: Mvua mkuu, nimeshasema.

Mzee_wa_Randa: Neno chai nalifuta. Bora ingekuwa chai.

Fundi_Babu: Moto unageuza risasi kuwa moshi, barakoa ya kitambaa haiuzuii. Mkeo atoke kwenye hiyo nyumba leo, na kliniki muwaambie wampime risasi kwenye damu, nawe upimwe. Usifagie. Futa kwa kitambaa cha maji na sabuni, kitupe, chukua kingine. Nguo zako zifue peke yake. Kitanda kiweke nje kimefunikwa, mtoto atafutiwe kingine.

Reli_ya_Kati: Ameenda kwa dada yake. Nimemwambia ni harufu ya rangi. Godoro jipya lilikuwa humo chumbani, ndani ya mfuko wake wa nailoni. Hilo si salama?

Fundi_Babu: Mwambie ukweli, kliniki watamuuliza. Mfuko ulikuwa umefungwa?

Reli_ya_Kati: Nilifungua kidogo tu, kuangalia kama linaenea kitandani.

Fundi_Babu: Kabla ya moto au baada?